RAM mbovu au kitu kingine? Jinsi ya kuipima kompyuta kabla hujakimbilia dukani, na ovakloki inavyogusa waranti yako

Kompyuta ikianza kujizima hovyo au kutoa skrini ya bluu, neno la kwanza utakaloambiwa na mafundi wengi hapa Kampala ni "RAM imekufa, nunua ingine", na kwa jinsi bei za RAM zilivyopaa toka mwisho wa 2025, chipu nyingi zikielekezwa kwenye seva za akili bandia, hilo si neno la kukubali hivihivi. RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, inakufa kweli, sikatai. Lakini mara nyingi kinachoitwa RAM mbovu ni vumbi kwenye sloti, au XMP (profaili ya kuipa RAM spidi ya juu) iliyowashwa kwenye mashine isiyoiweza, au pawa saplai iliyochoka, au prosesa yenyewe. Na hata kama ni RAM kweli, ukienda dukani mikono mitupu bila ushahidi utarudishwa ulikotoka, hasa muuzaji akishasikia kwamba ulikuwa unaovakloki, yaani unaisukuma mashine juu ya spidi yake ya kawaida. Kwa hiyo naenda dalili kwa dalili, alafu tunaingia kwenye waranti ambako watu wanaumia zaidi.

Kabla hujagusa chochote, okoa mafaili yako. Hii nasisitiza kwa moyo wote. RAM mbovu haiangushi programu tu, inaandika uchafu kwenye diski, maana kila faili unalolisevu linapita kwenye RAM kwanza. Kama ni ripoti ya chuo, mahesabu ya duka au picha za mazishi ya mzee, usizinakili kwa kutumia mashine hiyohiyo inayoumwa kama una njia ingine, toa diski uichomeke kwenye kompyuta nzima kwa kebo ya USB, na usifute nakala ya zamani eti kwa sababu umepata mpya, mpya inaweza kuwa imeshaharibika tayari.

Anza kwa kurudisha BIOS kama ilivyotoka kiwandani

Ingia BIOS, ile programu ya mipangilio inayowaka kabla ya Windows, tafuta sehemu ya kurudisha mipangilio ya mwanzo, sevu, washa upya. Ni hatua ya dakika mbili na watu wengi wanairuka kwa sababu wanasema "mimi sijawahi kuovakloki kitu". Sasa sikiliza, inawezekana umeovakloki bila kujua. Ukiwa na kompyuta ya kuunganishwa, ya magemu au ya kuediti video, aliyekuunganishia karibu lazima aliwasha XMP au EXPO ili RAM ifike ile spidi iliyoandikwa kwenye boksi. XMP ni ya Intel, ilikuja 2007 enzi za DDR3 (DDR3, DDR4 na DDR5 ni vizazi vya RAM), na EXPO ni ya AMD, ilikuja 2022 pamoja na prosesa zake za Ryzen 7000. Zote mbili kazi yake moja, kuisukuma RAM juu ya kiwango cha kawaida cha JEDEC, lile shirika linalopanga viwango vya RAM za dunia nzima. DDR4 ya kawaida inatumia volti 1.2, ukiwasha XMP nyingi zinapanda mpaka 1.35. DDR5 ya kawaida ni volti 1.1, EXPO inazipeleka kwenye 1.25, 1.35, hata 1.4. Hiyo ni ovakloki hata kama ni kubonyeza kitufe kimoja tu, na baadaye utaona Intel na AMD nao wanaiita hivyohivyo.

Ukisharudisha mipangilio, tumia kompyuta kawaida siku kadhaa. Kama matatizo yameisha, basi RAM yako inawezekana ni nzima kabisa na ni spidi ndio ilikuwa inaishinda. Kama yanaendelea, songa mbele. Angalizo moja, kama Windows yako ina BitLocker, ule ulinzi unaofunga diski kwa siri, hakikisha una ile namba ndefu ya kufungulia kabla hujachezea BIOS, maana ikishtuka itakuuliza hiyo namba na usipokuwa nayo mafaili yameenda.

Haiwaki kabisa, feni zinazunguka tu na skrini nyeusi

Hii ndio inayotisha watu kuliko zote na mara nyingi ndio rahisi kuliko zote. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kama kumi hivi umeme uliobaki uishe, shika chuma cha kasha kwanza kuondoa umeme wa mwilini, alafu toa RAM zote. Ziangalie miguu yake ile ya dhahabu. Huku kwetu, Desemba mpaka Februari vumbi jekundu la murram linaingia kila mahali, na karibu na ziwa kuna unyevu, vikikutana vinafanya utando kwenye miguu ya RAM na mguso unakuwa hafifu. Safisha kwa isopropili ya asilimia 90 na kuendelea na kitambaa kisichoacha nyuzi, subiri ikauke. Mafundi wengi wanatumia raba ya penseli, inafanya kazi lakini ukikandamiza sana unakwangua dhahabu na mabaki yake yanabaki kwenye sloti, kwa hiyo kama huna kingine pitisha polepole na upeperushe vizuri. Sloti usiingize kitu, puliza kwa blowa ndogo tu ya kutolea vumbi, na usipulize kwa mdomo maana mate yanaingia.

Rudisha stiki moja tu. Kwenye madabodi (ile bodi kuu ya kompyuta) za sloti nne, ya kwanza iweke sloti ya pili ukihesabu kutoka kwa prosesa, ile inayoandikwa A2, na ukiwa na mbili nyingine iende ya nne, B2. Sukuma mpaka usikie inalia "tak", maana RAM iliyokaa nusunusu inatoa dalili zilezile za RAM iliyokufa.

Madabodi nyingi za kisasa zina vitaa vidogo vinne vya kuonyesha shida iko wapi, ukiona kimesimama kwenye DRAM basi mashine imekwama kwenye RAM. Laptopu na desktopu nyingi za Dell zinasema kwa kupepesa taa, rangi ya chungwa mara mbili na nyeupe mara tatu maana yake haioni RAM, chungwa mbili na nyeupe nne RAM ipo lakini ina hitilafu. Milio ya biipu nayo inasaidia lakini kila kampuni ina yake, kwa hiyo tafuta kitabu cha madabodi yako, usitumie orodha uliyookota popote.

Kama ni kompyuta mpya ya DDR5 hasa ya Ryzen 7000 na kuendelea, tulia kwanza. Ikiwashwa mara ya kwanza, au baada ya kubadilisha RAM au kufuta BIOS, inajifunza jinsi ya kuongea na hiyo RAM na inaweza kukaa skrini nyeusi dakika kadhaa, watu wanazima katikati, inaanza upya, wanazima tena, alafu wanasema imekufa. Iache, nenda kanywe chai.

Umenunua RAM ya mtumba na mashine imekataa kabisa

Hapa naongea na wale wa laptopu za mtumba zinazokuja kutoka Dubai na Uingereza, maana ndio tunazotumia wengi wetu. Laptopu za Intel kizazi cha nne, kama ThinkPad T440 au EliteBook 840 G1, zinataka DDR3L ya volti 1.35. Ukiweka DDR3 ya kawaida ya volti 1.5 inaingia vizuri kwenye sloti, umbo ni lilelile, lakini haiwaki. RAM sio mbovu, haiendani tu. Angalia stika yake, kama imeandikwa PC3L ni sawa, kama ni PC3 tu rudisha.

Kuna ingine mbaya zaidi kwa wenye desktopu, DDR3 ya GB 8 kwa bei ya kutupa inayoandikwa kwamba ni ya AMD tu. Hiyo chipu zake zimepangwa kwa namna ambayo prosesa za Intel za wakati ule hazizisomi, na wewe una OptiPlex, desktopu ya Dell, ya Intel. Muulize muuzaji kabla hujatoa hela, alafu muombe aichomeke mbele yako iwake. Muuzaji mwenye nia njema hawezi kukataa.

Inawaka lakini inaonyesha RAM pungufu au spidi ndogo

Hii inaleta ugomvi mwingi dukani bila sababu. Umenunua RAM iliyoandikwa 3200, unafungua CPU-Z, programu ya kuonyesha vifaa vya ndani, inasema 1600, unaona umeibiwa. Hujaibiwa, CPU-Z inaonyesha spidi halisi ya saa na DDR inatuma data mara mbili kwa kila mpigo, zidisha kwa mbili. Kama Task Manager yenyewe inasema 2133 au 2400, basi ni kwamba XMP imezimwa, au mashine yako haina XMP kabisa, na desktopu nyingi za ofisini za HP na Dell hazina sehemu ya kuiwasha. RAM ya magemu ukiiweka humo itakimbia spidi yake ya chini ya JEDEC milele, na hiyo sio hitilafu ya waranti.

Pungufu ni kitu kingine. Una GB 16 lakini Windows inasema inayotumika ni 8, hapo kwanza angalia kama stiki zote mbili zimekaa vizuri, alafu fungua msconfig kwenye sehemu ya kubuti uone kama kuna mtu aliweka kikomo cha RAM, alafu uangalie kama Windows yako ni ya biti 32, maana hiyo haivuki GB 4 hata ukiweka nini. Kukosekana GB moja au mbili kwa kawaida ni michoro ya ndani ya prosesa imejikatia sehemu yake. Lakini kama sloti nzima haisomi na stiki ile ile inasomeka sloti ingine, kosa ni la madabodi au pini ya prosesa iliyopinda, na hapo kununua RAM mpya ni kumwaga hela.

Skrini ya bluu

Hapa ndio penyewe. Andika kila kodi ya bluu inayotokea, kila moja na saa yake, kwenye simu au karatasi. Ukiona leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, zinabadilikabadilika bila mpangilio na zinataja faili tofauti kila mara, hiyo ni tabia ya RAM, au ya kidhibiti cha RAM kilichomo ndani ya prosesa. Ukiona kodi ile ile na faili la draiva lile lile kila siku, usiguse RAM, shughulika na hiyo draiva. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR mara nyingi inaelekeza kwenye prosesa au volteji kuliko RAM.

Dalili zingine za RAM ambazo hazina skrini ya bluu: faili la zip ulilodaunlodi vizuri linakataa kufunguka linasema limeharibika, ukilidaunlodi tena linakubali au linaharibika sehemu ingine. Kuinstoli Windows kunakwama na 0x80070570 kila mara mahali tofauti, ingawa hiyo inaweza kuwa flashi mbovu pia kwa hiyo badilisha flashi kwanza. Brauza inajifunga kurasa zenyewe ikisema STATUS_ACCESS_VIOLATION.

Inazima kwenye magemu tu, au mchana tu, au umeme ukirudi tu

Kama shida inakuja kwenye magemu peke yake na kazi zingine zote ziko salama, RAM haiwi mshukiwa wangu wa kwanza. Naangalia kadi ya michoro, pawa saplai na prosesa. Na hapa kuna jambo ambalo kila mwenye Intel kizazi cha 13 au 14 za desktopu, hasa i7 na i9, lazima alijue: mwaka 2024 Intel ilikubali kwamba prosesa hizo zilikuwa zinapata volteji ya juu kupita kiasi na kuchakaa mapema, na dalili zake zilikuwa programu kuanguka ovyo na magemu kusema kumbukumbu ya video imeisha. Watu wengi duniani walibadilisha RAM na kadi za michoro bure. Intel ilitoa marekebisho ya maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) kupitia BIOS kuanzia Agosti 2024 na ikaongeza waranti ya prosesa hizo za boksi kwa miaka miwili, kutoka mitatu ikawa mitano. Kama mashine yako ni ya kundi hilo, sasisha BIOS kabla hujalaumu kitu kingine, ingawa prosesa iliyoshachakaa marekebisho hayaiponyi, hiyo ni ya kudai waranti.

Kama inazima mchana na asubuhi iko sawa, fikiria joto. Ofisi ya mabati Gulu au Arua mwezi wa Februari sio mahali pa kuendesha RAM kwa volti 1.4. DDR5 zina saketi ya kurekebisha umeme juu ya stiki yenyewe, inatoa joto lake, na RAM inayovumilia XMP asubuhi inaweza kuanza kukosea jua likiwa utosini. Safisha feni, fungua upande mmoja wa kasha ujaribu, ikipona umepata jibu.

Na kama shida inaanza umeme ukikatika na kurudi, au mkiwa kwenye jenereta, basi chunguza umeme. Toka Aprili 2025 shirika la UEDCL ndio linasambaza umeme Uganda badala ya kampuni iliyoitwa Umeme lakini kushuka na kupanda kwa volteji bado kupo, na pawa saplai ya bei rahisi inayopitisha hayo mawimbi inaifanya RAM nzima kabisa ionekane mbovu. UPS nzuri au stabilaiza, na pawa saplai ya kuazima kwa siku moja, vinatoa jibu kwa gharama ndogo kuliko RAM.

Sasa kupima kwenyewe

Windows ina kipimo chake, andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, itawasha upya na kupima, ukibonyeza F1 unaweza kuchagua kipimo kirefu. Majibu ukiyakosa kwenye skrini yako Event Viewer, kwenye System, jina lake MemoryDiagnostics-Results. Ikisema kuna hitilafu iamini. Ikisema hakuna usiiamini sana, inapitwa na makosa mengi.

Cha maana ni MemTest86 ya PassMark au Memtest86+ ambayo ni huru, majina yanafanana lakini ni programu mbili tofauti, chagua yoyote. Unaiweka kwenye flashi ndogo, unabuti nayo, inapima RAM bila Windows kuingilia. MemTest86 ya bure inapita mizunguko minne na hiyo inatosha kwa watu wengi, Memtest86+ inaendelea mpaka uizime mwenyewe. Ikikataa kubuti, zima Secure Boot kwa muda. Iache usiku kucha, na kama huko kwenu Yaka, umeme wa kulipia kabla, inaisha usiku, ongeza yuniti kwanza maana kipimo kikikatika katikati unaanza upya.

Kosa moja ni kosa. Usikubali mtu akuambie "makosa mawili tu sio mbaya", RAM inatakiwa kuwa na sifuri. Kitu kimoja tu cha kuwa nacho makini ni kile kipimo cha MemTest86 namba 13, kinachopiga safu moja ya RAM mfululizo kuona kama safu jirani zitageuka. RAM inayofeli hicho peke yake na kufaulu vingine vyote, mara nyingi utaitumia kawaida bila kuona shida, na PassMark wenyewe wanakitenganisha na vingine.

Utaratibu ni huu. BIOS ikiwa ya kiwandani, pima stiki zote pamoja. Zikifeli, pima moja moja, zote kwenye sloti ile ile moja. Stiki A inafaulu, stiki B inafeli, sloti ile ile, hapo umemkamata. Zote zikifeli sloti hiyo, hamia sloti ingine na stiki ile uliyoiona nzuri zaidi, ikifaulu huko kosa ni sloti. Zote zikifeli kila mahali, azima RAM ya rafiki unayoijua ni nzima, nayo ikifeli basi ni madabodi, prosesa au pawa saplai. Piga picha kila skrini ya majibu, picha ionyeshe saa na idadi ya makosa, na namba ya stiki ukiweza. Hizo picha ndio kesi yako dukani.

Zikifaulu zote kwa mipangilio ya kiwandani, ndio unawasha XMP na kupima tena. Zikifeli hapo tu, hujui bado nani mkosaji. Inaweza kuwa RAM haifikii spidi iliyouzwa nayo, na hiyo unaweza kudai kwa mtengenezaji wa RAM. Inaweza kuwa prosesa haiwezi, na hiyo huwezi kudai, kwa sababu AMD kwa mfano inaahidi DDR4 3200 tu kwenye Ryzen 5 5600, ukiweka 3600 uko nje ya ahadi. Inaweza kuwa stiki nne, Ryzen 7000 zikiwa na stiki nne ahadi inashuka mpaka 3600 kutoka 5200. Au umechanganya seti mbili ulizonunua siku tofauti, hata kama jina ni lile lile, XMP imepimwa kwa seti ilivyouzwa sio kwa seti mbili zilizooana mtaani. Sasisha BIOS, punguza spidi hatua moja au mbili, pima tena. Ukipata spidi isiyo na kosa kaa hapo uridhike.

Waranti na ovakloki

Kuna waranti za watu watatu tofauti kwenye kasha moja na watu wanazichanganya.

Mtengenezaji wa RAM, Kingston, Corsair, G.Skill na wenzao, kwa kawaida anatoa waranti ya maisha yenye masharti, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiuza kama 3600 kwa XMP, kwa hiyo kuitumia kwa profaili iliyoandikwa kwenye boksi hakumuudhi. Kinachomuudhi ni kuipandisha zaidi ya hapo kwa mkono, au kubandua kile kifuniko cha chuma, au kutoa stika. Crucial nayo iko hivyo, na ingawa Micron ilitangaza Desemba 2025 kwamba inaacha kuuza RAM za Crucial kwa watumiaji wa kawaida, ilisema waranti za zilizouzwa itaendelea kuziheshimu.

Mtengenezaji wa prosesa ni habari ingine kabisa. AMD imeandika wazi kwamba kuendesha prosesa au RAM nje ya viwango vyake kunaua waranti hata kama umewasha kwa kutumia programu au kitufe cha AMD wenyewe, na EXPO imo humo. Intel inasema kubadilisha spidi au volteji nje ya viwango kunaweza kuua waranti, na XMP inaihesabu ni ovakloki. Zamani Intel iliuza mpango wa kulipia uliokuruhusu kuunguza prosesa moja ukapewa ingine, ulianza 2012 lakini ukafungwa 2021, kwa hiyo ushauri wa zamani unaoutaja huo mpango uache.

Mtengenezaji wa madabodi yuko katikati. Mwaka 2023 prosesa kadhaa za Ryzen 7000, hasa 7800X3D, ziliungua kwenye madabodi zikiwa na EXPO, AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3 kwa volteji ya SoC (ile sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM) kupitia BIOS mpya. ASUS ilitoa BIOS ya majaribio yenye onyo la waranti, watu wakapiga kelele sana, na kampuni ikatangaza kwamba waranti yake inabaki hata ukitumia EXPO au XMP. Kwa hiyo kelele za wateja zinasaidia, lakini ahadi ile ni ya madabodi, sio ya prosesa.

Je wanaweza kujua? Kwa prosesa za AMD za Threadripper 7000 ndio, kuna fyuzi ndogo ndani inaungua ukiwasha ovakloki na hairudi, ingawa AMD ilifafanua kwamba kuungua kwa fyuzi peke yake hakuondoi waranti, kinachoondolewa ni uharibifu uliotokana na ovakloki. Kwa zingine watakuuliza tu. Na mimi nakuambia sema ukweli. Sio kwa sababu watakukamata, ila kwa sababu ukweli wenye vipimo una nguvu zaidi: "nilikuwa na XMP, nimeizima, nimerudisha BIOS, bado inafeli kwa volti 1.2 na picha hizi hapa". Kitu kinachofeli kwa kiwango chake cha kawaida ni kibovu kwa kipimo chao wenyewe, na hapo mazungumzo yanabadilika kabisa.

Alafu kuna muuzaji, na kwetu ndiye wa maana kuliko wote, maana bidhaa nyingi zimepitia Dubai na kutuma RAM nje ni hela yako na wiki zako. Waranti ya duka inaweza kuwa mwaka, mwezi, au wiki moja kwa mtumba, na risiti nyingi zimepigwa muhuri kwamba bidhaa ikishauzwa hairudi. Jua kwamba Uganda ina sheria ya mauzo ya bidhaa na utoaji wa huduma ya mwaka 2017, na inaweka sharti kwamba kitu kinachouzwa na mfanyabiashara kifae kwa kazi yake, kwa hiyo muhuri ule sio neno la mwisho. Ukisikia mtu kwenye video anasema stika za "ukitoa waranti imekufa" hazina nguvu, anaongelea Marekani, ambako tume yao ya biashara ilizionya kampuni kadhaa mwaka 2018, usiende kubishana nayo kwenye maduka ya Mutaasa Kafeero hapa Kampala. Ile stika ya duka yenye tarehe iache ilipo. Dai risiti yenye jina la RAM, namba yake na muda wa waranti umeandikwa kwa mkono na sahihi, na muulize siku hiyohiyo, kabla hujalipa, "nikiwasha XMP bado mtaipokea?" Akisema ndio muombe aliandike hilo pia.

Kama RAM imegandishwa kwenye madabodi, laptopu nyembamba nyingi ziko hivyo, na waranti imeisha, bado hujafika mwisho. Makosa yakiwa sehemu moja ndogo tu, Memtest86+ inaweza kukupa orodha ya anwani mbovu ukaiambia Linux izikwepe kupitia GRUB_BADRAM, na Windows nayo inakubali kuzikwepa kurasa hizo kwa amri ya bcdedit na orodha yake ya badmemorylist. Makosa yakiwa yametapakaa, hiyo njia usipoteze muda nayo, tafuta fundi wa kubadilisha chipu au uza mashine kama spea na umwambie mnunuzi shida ni nini.

Ukishabadilishiwa RAM, pima hiyo mpya usiku huohuo kwa spidi ya kiwandani kabla siku za duka hazijaanza kuisha, usiku wa pili pima na XMP kama unaitaka. Alafu fungua Command Prompt kama msimamizi, endesha sfc /scannow na chkdsk, maana Windows iliyoishi na RAM mbovu ina mafaili yaliyooza, na ukiyaacha utaona skrini ya bluu tena wiki ijayo ukamlaumu muuzaji ambaye amekupa kitu kizima.